Motokari ya kukodi wakati wa vakansi: feza inatorokea wapi?



Vakansi kubwa iko mlangoni. Watoto wanarudisha buletini, wengine kwa furaha, wengine wanaificha chini ya godoro, lakini katika kila nyumba wimbo ni uleule: "Mama, tutaenda wapi?" Juma lililopita, kisha kugawa likelemba, tulibaki kwenye viti kwa saa nzima tukizungumza juu ya safari. Mmoja anataka kupeleka watoto Likasi kwa mashangazi wao, mwingine Kolwezi, mwingine ana ndoto ya kuona maporomoko ya Lofoi. Kila mara mazungumzo yalirudi kwenye kitu kimoja: motokari. Kukodi au kutokukodi? Na kama tunakodi, namna gani tusirudi nyumbani mikono mitupu?

Tuliahidi kuandika juu ya jambo hilo hapa. Lakini kwanza tunapaswa kusimulia mambo yaliyotupata sisi wenyewe mwaka jana. Wengi kati yenu mlisikia habari nusu-nusu sokoni. Hii hapa nzima.

Mwaka jana, mwezi wa 8, tulikuwa watu 12: wamama wanne, kambo mmoja mwenye miguu ya kuuma, na watoto saba. Tulitaka kutoka Lubumbashi, kulala Likasi kwa jamaa, kisha kwenda kuona ziwa la Tshangalele, lile lililotokea wakati mto Lufira ulipozuiwa pale Mwadingusha kwa kazi ya umeme. Kambo alizaliwa upande ule. Alikuwa anasema kila siku kwamba anataka kuona maji yale mara moja tena kabla macho yake hayajafungwa. Tukakodi Hiace moja pamoja na shofere. Bei: dola 100 kwa siku, mafuta juu yetu. Tulihesabu kwa vidole: tunalala usiku mbili, basi ni siku mbili, basi ni dola 200. Kila mama dola 50. Tulicheka kwa furaha, tukaona tuko wajanja.

Tulitoka siku ya Tano saa 9 ya mchana. Tulirudi siku ya Yenga saa 5 ya asubuhi. Mwenye motokari alichukua kalenda yake na kuhesabu: siku ya Tano, siku ya Posho, siku ya Yenga. Siku tatu. Dola 300. Tulipiga kelele kwamba siku ya Tano tulitembea saa chache tu kabla ya giza. Akatuonyesha kontra: imeandikwa "kila siku iliyoanzwa inalipwa nzima". Sahihi yetu ilikuwa pale chini.

Kisha akatazama kontere. Tulitembea kilometa 430. Kontra ilitupa kilometa 100 kwa siku, na kila kilometa inayozidi ni nusu dola. Kilometa 130 zilizidi, maana yake dola 65. Kisha akazunguka motokari na kuonyesha mkwaruzo kwenye mlango wa nyuma. Shofere alikuwa anatazama viatu vyake. Mpaka leo hatujui kama mkwaruzo ule ulikuwapo kabla yetu au ulipatikana na sisi, na hapo ndipo taabu yote ilipo: hatujui. Dola 60. Feza hizo zote alizikata kwenye garanti yetu ya dola 200, na akaturudishia 75. Katika hizo, noti ya 50 ilikuwa imepasuka kidogo pembeni. Ninyi mnajua: noti ya dola iliyopasuka hata kama ukucha tu, hakuna duka katika mji huu linaloipokea bila kukata bei yake.

Sasa sikieni mahali panapouma. Garanti ile haikuwa ya sisi wote. Mshonaji wetu, mama ambaye anakaa pale mbele kila mara na mashine yake ya miguu, ndiye aliyetukopesha dola 200 zile. Zilikuwa feza zake za kununua vikwembe Kasumbalesa kwa ajili ya kazi ya mwanzo wa masomo. Tulimwambia: "Dada, usiogope, ni garanti tu, siku ya Yenga unazirudishiwa zote." Hakurudishiwa. Sisi tulimlipa kidogo kidogo, na aliyekuwa wa mwisho kati yetu alimaliza mwezi wa 11. Hakuwa na vikwembe vya kushona, hivyo hakuwa na feza ya minervali, na binti yake wa mwaka wa nne wa sekondari alifukuzwa darasani kwa siku tisa. Kwenye shule ya msingi ya serikali hatulipi tena tangu 2019, lakini sekondari wote tunajua namna inavyokamua.

Sisi tulitembea ziwani, na mtoto wa mwenzetu akakaa nyumbani siku tisa. Hatukuandika hili kwa kumshitaki mwenye motokari. Alikuwa na haki katika mengi, na makosa makubwa yalikuwa yetu. Tulitia sahihi bila kusoma kwa sababu watoto walikuwa wamekwisha kuingia ndani na kuanza kupigana juu ya dirisha.

Basi tuseme mambo tuliyojifunza, kwa wale wanaotaka kukodi mwaka huu.

Ulizo la kwanza si "motokari gani?" Ni "je, tunahitaji motokari?" Kutoka hapa kwenda Likasi ni kilometa 120 hivi za lami, na Kolwezi ni karibu 300. Mabasi yanakwenda kila siku. Kama ninyi ni watatu au wanne, na mnalala kwa jamaa, lipeni viti kwenye basi. Mkifika kule, mkikodi taksi ya mji kwa nusu siku ya matembezi, mtatumia feza kidogo kuliko kumlipa mtu motokari ambayo inalala uani siku nzima mkipika sombe na shangazi. Kwa maana hilo ndilo jambo la ajabu katika kukodi: motokari inakula feza hata ikiwa imesimama. Mwaka jana siku ya Posho Hiace ilisimama chini ya mwembe kutoka saa 8 mpaka jioni. Tulilipa mwembe.

Kuanzia watu wanane hivi hesabu inageuka, na zaidi sana kama kuna kambo asiyeweza kusimama kwenye kituo cha basi kwenye jua, au mtoto wa ziwa, au sufuria na magodoro. Hapo kukodi pamoja kunafaa, kama familia mbili au tatu zinagawana.

Kisha ukubwa. Wapo wanaopenda kufika kijijini na jeep kubwa ili watu waseme. Sawa, kila mtu na kiburi chake, lakini jeep inakodiwa bei ya juu na inakunywa mafuta kama ng'ombe kwenye mto. Kwa njia ya lami, wakati wa kipwa, Noah ya viti saba inatosha familia moja. Hesabu ya mafuta ni rahisi: Noah iliyojaa watu na mizigo inaweza kula litre 10 mpaka 12 kwa kilometa 100. Kwenda na kurudi Likasi, kilometa 240, ni kama litre 24 mpaka 29. Zidisheni na bei ya siku ile kwenye pompi, na mtajua mbele ya kutoka. Msimuulize shofere, atawaambia hesabu yenye kumfaa yeye.

Lakini tunawaambia wazi: kwa Lofoi, msijaribu kupunguza. Maporomoko yale yako ndani ya hifadhi ya Kundelungu, yanaanguka zaidi ya mita 300, na Mungu aliyaweka mbali na lami. Kule inahitajika motokari ya juu, yenye nguvu kwenye magurudumu yote manne, na ni wakati wa kipwa tu. Anayewaambia kwamba Noah yake itafika anataka garanti yenu. Kama feza ya jeep haiko, mwaka huu nendeni mahali pengine, na likelemba ya Lofoi ianze sasa kwa mwaka ujao.

Siku ya kukodi ina maana kuliko wengi wanavyofikiri. Mwezi wa 7 na wa 8 ni wakati wa ndoa. Kila siku ya Posho motokari zote nzuri za mji zimefungwa maua na ribani, na wenye kukodisha wanapandisha bei kwa sababu wanajua watapata mtu. Vilevile siku za karibu na 30 mwezi wa 6, wakati wa sikukuu ya uhuru. Lakini siku ya Pili, ya Tatu na ya Nne motokari hizo zinalala, na mwenye nazo anaziangalia kwa huzuni. Watoto wako kwenye vakansi, hawana haja na siku ya Posho. Sisi mwaka huu tumeuliza Hiace ya ukubwa uleule kwa siku ya Pili na ya Tatu, na bei ilishuka kutoka 100 mpaka 85 kabla hata hatujafungua kinywa vizuri. Wamama ambao wana kazi ya ofisi watasema hawawezi. Wanaweza kuomba ruhusa ya siku mbili, au waache baba awapeleke watoto. Baba pia anajua njia ya Likasi.

Kuhusu saa: ulizeni siku inaanza wakati gani na inaisha wakati gani. Wengine wanahesabu saa 24 tangu mlipochukua motokari. Wengine wanahesabu kalenda, kama yule wetu. Kama ni kalenda, kutoka mchana ni kutupa feza. Tokeni asubuhi sana, jua likiwa linapasua, na mrudi jioni ya siku ya mwisho kabla ya giza. Hivyo siku mbili zenu zitakuwa siku mbili za kweli.

Tumesema kabla ya giza, na hapa tunasimama kidogo. Mtu anaweza kuwashauri: "Rudini usiku, mtaokoa siku moja ya kulipa." Msikubali. Njia ya Kolwezi na Likasi imejaa makamio ya migodi mchana na usiku. Kamio likiharibika, linabaki katikati ya njia bila taa, na alama yake ni majani tu yaliyokatwa na kuwekwa chini. Zaidi ya hayo, motokari nyingi za hapa kwetu zinatoka Japani na usukani wake uko kuume, na sisi tunatembea upande wa kuume wa njia. Kwa hiyo shofere anayetaka kupita kamio haoni kitu mpaka motokari nzima imetoka nje. Mchana anasaidiwa na mtu aliye kushoto kwake: "Papa, ngoja, kuna motokari inakuja." Usiku nani atamsaidia? Na shofere aliyetembea siku nzima halafu anaambiwa arudi usiku ili wamama waokoe dola 85, huyo anasinzia. Siku hiyo ya tatu, kama inalazimika, lipeni.

Shofere mwenyewe anakula na analala. Hili tulilisahau kabisa. Usiku wa kwanza tulimwona amekaa ndani ya Hiace, tukafikiri anapumzika, kumbe anangoja tumwambie atalala wapi. Tulipata haya. Patana mapema: je, chakula na kitanda cha shofere kiko ndani ya bei au kiko juu yenu? Mara nyingi mwenye motokari anataka kuongeza dola 15 au 20 kila usiku kwa ajili ya hayo. Mkimwambia kwamba shofere atalala kwa jamaa yenu na atakula bukari pamoja nanyi, anaondoa feza hiyo. Lakini basi mumpe kweli kitanda na sahani. Shofere aliyeheshimiwa anaendesha pole, na ndiye atakayesema kweli juu ya mkwaruzo.

Sasa kontra. Hata kama mnakodi kwa jirani, hata kama ni shemeji, andikeni. Karatasi ya daftari inatosha. Iandikwe bei ya siku, saa ya kutoka na ya kurudi, kilometa (lombeni zisiwe na mpaka, na kama anakataa, hesabuni safari yenu kwanza na muongeze 50 za kuzunguka mjini), nani analipa peaji, na nani analipa kama motokari inaharibika njiani. Kwa jambo hilo la mwisho mwenye motokari ndiye anayepaswa kulipa ikiwa ni kitu cha uzee, kama vile ukanda kukatika. Na siku ambayo motokari imelala kwenye garaji isihesabiwe juu yenu.

Iandikwe pia juu ya karatasi za motokari. Kabla ya kutoka, mwombeni shofere awaonyeshe yote mkononi: karti roze, asiransi, vinyeti, kontroli tekniki, na permi yake mwenyewe. Tazameni tarehe. Polisi wa rulaji wanajua kuzitazama. Kama karatasi moja imekufa, mtasimamishwa, watoto watalia kwenye jua, na atakayetoa feza ni yule mwenye haraka, maana yake ni ninyi. Andikeni kwamba kila amande ya karatasi iko juu ya mwenye motokari, na ile ya mwendo wa kasi iko juu ya shofere.

Wengi wanauliza: "Lakini motokari ina asiransi, kwa nini tulipe mkwaruzo?" Ulizo zuri. Asiransi ambayo sheria inalazimisha kila motokari iwe nayo ni ya kulipa madhara yanayopata watu wengine: mtu aliyegongwa, ukuta wa jirani uliovunjwa. Hailipi mlango wa motokari yenyewe. Kuna asiransi nyingine kubwa zaidi inayolipa hiyo, na tangu sheria ya asiransi ya 2015 SONAS si peke yake tena katika kazi hiyo, kwa hiyo wenye kukodisha wana mahali pa kuchagua. Lakini wengi wanachukua ile ya lazima tu. Ndiyo sababu wanaomba garanti kwenu, kama vile mwenye nyumba anavyoomba ya miezi. Kumbe garanti yenu ndiyo asiransi ya mlango wake.

Kwa hiyo muilinde. Mwanga wa mchana ukiwapo, zungukeni motokari pamoja na mwenye nayo, na mtoto mkubwa achukue video kwa telefone: pande nne, vioo, taa, viti vilivyopasuka, kontere, mshale wa mafuta. Mseme kwa sauti kile mnachoona: "Hapa kuna mkwaruzo, hapa kioo kimepasuka." Mtumieni video hiyo kwa WhatsApp saa ileile, ibaki kwake na kwenu pamoja na saa yake. Mwaka jana tulichukua foto 60, na zote ni za watoto wakionyesha meno. Hakuna hata moja ya mlango wa nyuma.

Fungueni pia nyuma: gurudumu la akiba lina pumzi? Kriki iko? Ekstinteri iko? Kama gurudumu la akiba limelala, mtalipa fundi wa njiani bei anayotaka yeye.

Mafuta: mnapokea kwenye kipimo gani, mnarudisha kwenye kipimo hichohicho. Mwaka jana tulipokea mshale ukiwa karibu na chini, tukarudisha nusu ya tanki, na hakuna aliyetulipa. Ni zawadi tuliyompa bila kujua. Foto ya mshale inamaliza maneno. Na mjaze kwenye pompi ya kweli. Bidoni za pembeni ya njia zinaonekana za bei nafuu, lakini zikitiwa maji au petroli ya taa, mtakaa njiani siku nzima, na hapo mwenye motokari atasema kwa haki kwamba ni ninyi mlioua motori.

Na noti. Garanti mnaitoa kwa noti safi, sivyo? Basi andikeni namba za noti hizo kwenye kontra, kila noti, na muandike: "Zitarudishwa hizihizi au nyingine nzuri." Mwenye motokari mmoja alitucheka tulipomwambia hivyo mwezi huu. Tulimwacha acheke, kisha akaandika.

Wamama wawili waliuliza juu ya Zambia. Kupita Kasumbalesa na motokari ya kukodi ya hapa ni kutafuta gharama: inahitajika barua ya mwenye nayo inayotoa ruhusa, Karti ya Manjano ya COMESA kwa ajili ya asiransi ya ng'ambo, na saa nyingi za kungoja kati ya makamio. Tena kule wanatembea upande wa kushoto. Ni vizuri kuacha motokari upande wetu, kuvuka kwa miguu, na kuchukua basi kule kuelekea Chililabombwe na mbele.

Na mama mmoja ambaye anakwenda Ubelgiji kuona mjukuu aliuliza kama atakodi kule. Bei anayoonyeshwa kwenye intaneti si bei yote. Mara nyingi wanataka karti ya kredi yenye jina la anayeendesha, wanafunga garanti ndani yake, na kijana wa chini ya miaka 25 mara nyingi analipa zaidi. Kuchukua motokari kwenye kiwanja cha ndege mara nyingi ni ghali kuliko kuichukua mjini. Na kule mtoto mwenye urefu wa chini ya santimeta 135 lazima akae kwenye kiti chake cha motokari. Kukodi kiti hicho kunalipwa kila siku, basi aombe kwa jamaa kabla ya kufika, hakuna nyumba ya Wakongomani kule ambayo haina kiti kimoja kinachozeeka kwenye pishi. Lakini kama anakaa mjini tu, tunamwambia: Mama, panda treni.

Sasa sisi. Mwaka huu tunarudi ziwani, kwa sababu kambo bado anaomba, na mwaka jana aliona maji kwa saa mbili tu kabla hatujaanza kugombana juu ya wakati. Hiace, siku ya Pili alfajiri mpaka siku ya Tatu jioni, dola 85 kwa siku, kilometa bila mpaka, shofere anakula na kulala nasi. Ni dola 170. Mwaka jana, ukiongeza zile za kilometa na za mkwaruzo, motokari peke yake ilitula 425.

Garanti hatukumwomba mtu. Tangu mwezi wa 2 kila mama kati ya wanne ametia franka kwenye sanduku kila juma, na juma lililopita tulibadilisha na kupata dola 200, noti safi. Mshonaji wetu tulimwomba yeye ndiye ashike ufunguo. Alikataa mara mbili. Mara ya tatu alisema atashika, lakini kontra ataisoma yeye mwenyewe, neno kwa neno, na watoto hawataingia ndani ya motokari mpaka amalize.

Nafasi mbili zimebaki kwenye Hiace. Anayezitaka aje siku ya Posho saa 8, kisha mkutano, na sehemu yake mkononi. Na mwenye mwana au binti anayejua kuchukua video bila kutetemeka, atuambie.